Anayeachia Kwanza

Uingereza,
Alhamisi mchana

Kwa mdogo wangu Hamisi,

Assalamu alaikum. Miaka miwili hatujaandikiana, kwa hiyo hata salamu zenyewe naziona ngumu mkononi. Hujambo? Mkeo hajambo? Umepata usingizi kidogo tangu msiba, au bado unaamka alfajiri na kuzunguka uani kama ulivyofanya alipofariki Baba? Mimi ni mzima wa mwili. Baridi ya huku inaingia mpaka kwenye mifupa, nimekuwa mtu wa kuvaa soksi mbili mbili, lakini siumwi. Habari za moyo nitakueleza humu ndani, na nakuomba usome mpaka mwisho hata ukikasirika katikati. Nakujua, barua ikikuudhi unaikunja unaitia mfukoni, basi imekwisha.

Anayekuletea ni Kassimu, mwenzangu wa chuoni, kwao Kipawa. Amemaliza masomo na anapanda ndege Jumamosi. Ameniahidi kwamba akishasalimiana na mama yake atakuja Temeke kabla hajafungua sanduku lake. Sikuitia posta kwa sababu posta ingechukua wiki mbili au zaidi, na arobaini ya Mama ingekuwa imepita, na Rajabu, mchumba wa dada yetu, angekuwa amekwisha panda basi la kwao Newala. Nilifikiri pia kupiga telegramu, lakini haya si maneno ya telegramu.

Barua ya dada yetu Somoe ilinifikia Jumatatu. Aliiandika siku ya hitima ya siku ya saba, ikakaa njiani siku kumi na nane. Kwa hiyo mama yetu alikuwa kaburini siku ishirini na tano, nami nilikuwa nakula, nacheka, nalalamika juu ya mvua, sina habari. Sikulaumu kwa kutoniarifu. Tulikuwa hatusemezani, na hilo ni kosa la wawili.

Niliisoma nimesimama, koti bado mwilini. Nikalivua, nikalivaa tena, sijui nilitaka kwenda wapi. Mwenye nyumba wangu, mama mmoja wa Kiingereza mwenye roho nzuri, aliniletea kikombe cha chai akakaa nami kidogo, kisha akarudi jikoni kwake. Huku hakuna jamvi la kukalia, hakuna watu wanaoingia mmoja mmoja wakasema pole. Jioni Kassimu alikuja tukasoma Yasini, sisi wawili tu. Nililia sana, Hamisi.

Kilichoniumiza kuliko vyote ni maneno haya ya Somoe, nayanakili kama alivyoyaandika: "Kaka, siku ya mwisho mama aliniuliza, Issa kashaleta ile karatasi? Nikamwambia, iko njiani, mama. Akasema, haya. Mie nimemdanganya mtu anayekufa, kaka, sijui kama Mungu atanisamehe."

Acha nilieleze jambo la karatasi hiyo tangu mwanzo, maana nadhani kila mmoja wetu amekuwa akijisimulia nusu yake tu. Baba alipofariki, Rajabu, aliyekuwa akichonga naye mpingo miaka yote ile, alileta posa ya Somoe. Ukaikubali. Mimi nikapata habari kwa mtu baki, kwenye mkahawa wa chuo, ananipa mkono wa hongera kwa harusi ya dada yangu. Nikaona nimedharauliwa. Mimi ndiye mkubwa, Baba hayupo, walii wa Somoe ni mimi, na hata kama niko ng'ambo kalamu zilikuwapo. Nikakuandikia kwamba sitoi karatasi ya wakala, ya kukuruhusu umwoze kwa niaba yangu, mpaka kwanza uniombe msamaha. Ukanijibu kwa mistari mitatu. Ulisema huombi msamaha mpaka kwanza nitume karatasi, kwa kuwa wewe ndiye uliyemgeuza Baba kitandani miezi minane wakati mimi nikimletea kadi zenye picha za theluji. Mistari mitatu, na yote ilikuwa kweli, ndiyo maana nilikasirika mwaka mzima.

Rajabu hana kosa lolote humo. Namjua ni mtu mpole, mkono wake mzuri kwenye patasi, na sikuwahi kumkataa hata siku moja. Nilikuwa nagombana nawe juu ya kichwa chake na cha Somoe. Sasa Somoe ananiandikia kwamba wazazi wa Rajabu wamehamishiwa kijiji cha ujamaa, ni wazee, hawana wa kuwajengea nyumba, na kwamba baada ya arobaini ya Mama anakwenda kwao asirudi. Akienda na mke, heri. Akienda peke yake, wazee wamekwisha mtazamia binti huko huko. Somoe hakunilaumu. Ameandika tu kwamba amekwisha anza kumfulia Rajabu nguo zake za safari.

Sasa nikueleze kazi yangu, kwa sababu hujawahi kuniuliza nami sijawahi kukueleza vizuri, na bila hiyo hutaelewa kilichonipata Jumanne.

Kompyuta ya hapa chuoni ni kubwa kuliko chumba cha Baba na baraza yake. Zamani ilikuwa inafanya kazi ya mtu mmoja mpaka iishe ndipo ishike ya mwingine, kama kinyozi. Siku hizi inafanya za watu wengi pamoja. Si kwamba imekuwa na vichwa vingi. Inampa kila mmoja kipande cha muda kidogo kuliko kupepesa jicho, inaruka kwa mwingine, inarudi, na kila mtu anadhani mashine ni yake peke yake. Inayogawa zamu hizo ni programu moja iliyokaa chini ya programu zote, tunaiita kiini. Tuko wanne tunaokiandika kiini hicho, na mmoja ni mimi, mtoto wa mchonga mpingo wa Temeke. Nasikia huko nyumbani serikali imezuia mashine hizi zisiingizwe tena, kwa hiyo hata sijui nitarudi kuwa nani. Labda nitachonga, ingawa wewe na Baba mlikuwa mkinicheka kila nikishika tezo.

Shida ya kugawa ni vile vitu visivyogawanyika. Mashine ya kuchapa ni moja. Ukiwaachia watu wawili waitumie kwa mkupuo, mstari huu unatoka mishahara ya walimu na unaofuata unatoka kipimo cha mvua, karatasi yote takataka. Kwa hiyo kila kitu cha namna hiyo tumekiwekea kufuli. Usidhani ni chuma. Ni alama tu ndani ya mashine, sifuri au moja. Kazi inayotaka kuchapa inaangalia kwanza. Ikikuta sifuri, papo hapo inaweka moja na kuingia, bila mwingine kupata nafasi ya kupenya katikati. Ikikuta moja, inalala mpaka iamshwe. Ikimaliza, inarudisha sifuri. Basi, kufuli lote ni hilo.

Jumanne nilikwenda kazini kwa sababu sikuwa na pengine pa kwenda. Saa nne asubuhi mashine ikasimama. Haikuharibika. Taa zinawaka, feni zinavuma, hakuna moshi, hakuna kosa lililoandikwa popote, ila hakitoki kitu. Watu wamejipanga mlangoni na kadi zao za matundu, zile zinazobeba kazi za kuilisha mashine. Mkuu wetu, Bwana Ross, mzee wa Kiskoti anayevuta kiko, akauliza sehemu inayogawa tepu, yaani ule utepe wa kuhifadhia hesabu, na mashine ya kuchapa imeandikwa na nani. Nikasema ni mimi.

Nikatoa orodha ya nani kashika nini. Ilikuwa mistari miwili tu. Kazi ya kwanza, ya watu wa uchumi, imeshika tepu, inangoja mashine ya kuchapa. Kazi ya pili, ya watu wa hali ya hewa, imeshika mashine ya kuchapa, inangoja tepu. Zote zimelala. Kila moja inangoja mwenzake aachie, na haiachii yake mpaka ipate ya mwenzake. Nilitafuta iliyokosea nikaikosa. Kila moja ilichukua kilichokuwa wazi, ikaomba kilichobaki kwa adabu zote. Zingelala hivyo mpaka umeme ukatike. Kosa lilikuwa langu mimi niliyeziruhusu kushika kwa mpangilio zinaoutaka zenyewe.

Nikacheka. Mama hata arobaini hajamaliza nami nacheka mbele za watu, wakadhani nimechanganyikiwa. Nilikuwa nimekumbuka kinu na mchi.

Nawe unakumbuka. Tulikuwa wadogo, nyumba imejaa wapangaji, kinu kimoja na mchi mmoja kwa vyumba sita. Siku hiyo Mama Pili wa chumba cha uani kakivuta kinu mlangoni kwake, na Bi Mwanaidi wa chumba cha mbele kashika mchi. Kila mmoja kisamvu chake kinanyauka kwenye ungo.

"Nipe mchi nitwange, nikimaliza nakupa vyote viwili."

"Mie ndo nilotangulia kuamka. Lete kinu kwanza."

Wakaingia ndani kila mtu na chake, wakafunga milango. Siku tatu nyumba nzima haikula kisamvu. Mama alikuwa msibani Mbagala. Aliporudi akawaita wote wawili uani, na hakuuliza nani kaanza.

"Nyie wote mna haki," alisema, "na njaa ni yetu sote. Kuanzia leo, anayetaka kutwanga aanze kushika kinu. Akikikosa kinu, mchi asiuguse, auache pale pale ukutani."

Haikutokea tena mpaka nikaondoka nyumbani. Nikamweleza Bwana Ross kisa hicho. Alitoa kiko mdomoni akanitazama, kisha akaenda ubaoni akaandika kwa chaki: tepu kwanza, mashine ya kuchapa baadaye, kila kazi, siku zote. Akasema wapo wataalamu walioandika kurasa nyingi juu ya jambo hilo hilo. Akauliza mama yangu alisomea wapi. Nikasema hakusoma.

Lakini sheria ile inazuia mkwamo wa kesho. Mkwamo uliokwisha tokea haiugusi. Hapo inabidi kazi moja iondolewe, iachie ilichoshika, ianze upya kabisa, na jasho lake lote la asubuhi lipotee. Nikauliza tuondoe ipi. Moyoni nilikuwa nimekwisha chagua ile ya pili, kwa kuwa ya kwanza ilitangulia kuingia. Bwana Ross akakataa. Alisema kutangulia si hoja, tuangalie ipi imefanya kazi kidogo, maana hiyo ndiyo itakayopoteza kidogo. Tukaangalia. Ile ya kwanza ilitangulia kweli, lakini karibu muda wote ilikuwa imelala. Ya pili ndiyo iliyokuwa ikisaga hesabu. Nikaiondoa ya kwanza kwa mkono wangu, na mashine ikaendelea.

Nikaenda chooni nikafunga mlango. Hamisi, nilijiona mle katika ile mistari miwili kama ninavyokiona kidole changu. Wewe ulimgeuza Baba. Wewe ulimpeleka Mama hospitali ukarudi naye, ukampeleka tena. Ulisimama foleni ya unga na ya sukari, ulishuka makaburini mara mbili ukapokea miili ya wazazi wetu kwa mikono yako. Mimi nilitangulia kuzaliwa. Sina kingine cha kuonyesha. Na kwa hicho kimoja nimewazuia watu watatu miaka miwili, na wa nne amekufa akingoja.

Jioni nikaisoma tena barua ya Somoe. Ukurasa wa pili Jumatatu niliupita tu, macho yamejaa. Anaeleza kwamba mwaka jana wewe na Rajabu mlikwenda kwa shehe, naye akakwambia, "Hamisi, nawe ni nduguye, baba mmoja mama mmoja. Kaka yako yuko mbali. Sheria inakuruhusu umwoze hata kesho." Na wewe ukamjibu, "Mie najua inaniruhusu, shehe. Lakini kaka yupo hai na ana kinyongo. Simwozi dada yangu juu ya kinyongo cha kaka." Rajabu akasema, "Basi sie tutangoja."

Sikulijua hilo. Miaka miwili nilidhani nimekushika, kwamba bila karatasi yangu huwezi kufanya kitu, na nilikuwa nafurahia hivyo, sasa nakiri. Kumbe mlango ulikuwa wazi. Nimekwambia kufuli la mashine si chuma. Programu isiyo na adabu inaweza kuiruka ile alama na kuchapa inavyotaka, hakuna cha kuizuia ila desturi kwamba kila mmoja anauliza kwanza. Ungeweza kuniruka. Ulisimama ukaniheshimu, huku ukinichukia, na mimi nilikuwa naita hiyo jeuri.

Kuna jambo jingine ambalo hata Kassimu halijui. Karatasi ile niliiandika. Niliiandika Ramadhani ya mwaka juzi, nikaitia sahihi, nikaiweka ndani ya kitabu changu cha hesabu. Nilikuwa nangoja barua yako ya msamaha ndipo niitie posta siku hiyo hiyo. Kila tarishi akija nilikuwa natafuta mwandiko wako. Mama anauliza kama imefika, Somoe anamjibu iko njiani, nayo iko rafuni kwangu, hatua tatu kutoka kitandani.

Nisamehe, Hamisi. Nimekukosea wewe, nimemkosea Somoe, nimemkosea Rajabu. Mama siwezi tena kumwomba radhi, na hilo nitakwenda nalo mpaka nami nizikwe. Sisemi haya ili nawe useme ya kwako. Kama una ya kwako kaa nayo, au yaseme siku nikirudi, tukikaa barazani. Nisiposamehewa pia nitaelewa.

Kuhusu harusi, najua watu watasema msiba bado mbichi. Haihitaji ngoma. Kahawa, halua, watu wa nyumbani na majirani, imetosha. Mama angekuwa hai angekwisha kupiga mafungu ya mchele zamani, na nyote mngekuwa mmechoka kutumwa. Somoe avae ile kanga ya Mama ya mwisho kama haijatolewa.

Nisalimie mkeo, umwambie nashukuru kwa kumwogesha Mama siku zile alipokuwa hawezi kusimama, Somoe ameniandikia. Nisalimie shangazi yetu aliyetoka Newala kuja kukaa matangani. Nisalimie Mama Pili kama bado yuko chumba cha uani, na balozi wetu wa nyumba kumi aliyewahangaikia watu wa mbali mahali pa kulala. Rajabu mwambie namwomba radhi kwa miaka yake miwili, na kwamba nafurahi ni yeye. Somoe usimpe salamu za mdomo. Mpe barua hii aisome mwenyewe, pamoja na yale yanayoniaibisha, na mwambie kwamba lile alilomjibu Mama halikuwa dhambi yake, dhambi ni yangu.

Usitafute karatasi ya wakala ndani ya bahasha. Haimo. Niliichana jana. Ilikuwa imeandikwa kwamba nakuruhusu, na ruhusa yangu hukuwa na haja nayo. Ulichokuwa ukingoja ni kinyongo kiishe, nacho kimekwisha. Usinijibu kwanza. Usinipigie telegramu kuuliza kama ni kweli, wala usimhoji Kassimu. Siku utakayosoma barua hii, siku hiyo hiyo, nenda kwa shehe ukapange naye. Na mkishakaa kwenye mkeka, akiuliza walii wa Somoe ni nani, usitaje jina langu. Sema ni wewe.

Ni mimi kaka yako niliyechelewa,
Issa